Kivinjari na Seva Mpakani Tunduma: Mambo Matano, Tukianzia Mkiani

Anayevuka kutoka Nakonde kuja Tunduma humweleza mbadilisha fedha mapema: "Nipe shilingi. Kama hakuna, dola. Kwacha ninazo, usinipe." Kivinjari nacho huiambia seva hivyo hivyo kila kinapoomba ukurasa, kwa mstari uitwao Accept.

5. Msimbo 406. Hapa seva inasema: unachotaka sina. Ni nadra kuuona, kwa kuwa kanuni za HTTP, yaani za mazungumzo ya kivinjari na seva (RFC 9110 ya mwaka 2022), zinairuhusu seva kuipuuza orodha yako na kukupa ilicho nacho. Kuulizwa umeulizwa, kusikilizwa ni habari nyingine.

4. Alama ya \*/\*. "Lete chochote." Programu ya curl usipoielekeza hutuma hii. Mtu wa chochote asinune akiletewa chochote.

3. Alama za q. Hupima unavyokipendelea kila kitu unachoomba, kuanzia 0 hadi 1. Shilingi q=1, dola q=0.5, kwacha q=0, yaani usinionyeshe kabisa. Usipoandika q, inahesabiwa 1. Wabahili wa maneno, hii yenu.

2. Content-Type. Hapa seva inatamka ilichokuletea: text/html, image/webp na kadhalika. Anwani kuishia na .jpg si ushahidi wa picha, kama jina la Bahati lisivyo ushahidi wa bahati.

1. Anwani moja, sura nyingi. Huu ndio utamu wenyewe. Gonga dbpedia.org/resource/Tunduma, kwenye hifadhidata ya DBpedia. Anwani hiyo ni ya mji, na mji haupiti kwenye waya: foleni ya malori, stesheni ya reli ya TAZARA na vumbi lake vinabaki Songwe. Basi seva hujibu kwa msimbo 303, "tazama kule." Kivinjari kilichoomba text/html huelekezwa kwenye /page/Tunduma, ukurasa wa kusomwa na binadamu. Programu iliyoomba text/turtle hupelekwa kwenye data tupu: sentensi kavu za vipande vitatu vitatu, mji, uhusiano, nchi. Hakuna picha wala mapambo, na mashine haijawahi kulalamika.

Lugha nayo huombwa vivyo hivyo, kwa mstari wa Accept-Language. Simu iliyopangwa kwa Kiingereza huomba Kiingereza kwanza, halafu mwenye simu anailaumu tovuti. Ingia leo kwenye mipangilio ya kivinjari chako, sehemu ya lugha, ukipandishe Kiswahili juu kabisa.