Kibua wa Feri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano ya wiki iliyopita, mwandishi wa makala haya alikuwa amesimama katikati ya soko la samaki la Feri, Mtwara, chini kafunga msuli, juu kavaa shati la sare ya harusi, akiita kwa ile sauti ambayo mtu mzima huitoa tu akiwa na hakika kwamba hakuna anayemsikia: "Kibua! Kibua! Njoo, baba, Kibua!"

Soko zima likamsikia. "Vibua hawa hapa, mjomba, wa usiku huu huu!" aliitikia mchuuzi wa kwanza, akimwinua mmoja kwa mkia. Wa pili akashusha bei kabla hajaulizwa. Kijana wa kupara samaki akaweka kisu chini, akawauliza wenzake kama siku hizi samaki wanaitwa kwa majina wakaja wenyewe, maana kama ndivyo, wao na nyavu zao wamechelewa sana.

Hatua kumi kutoka hapo, chini ya meza ya mama mmoja mkaangaji, paka wa kahawia mwenye mistari alinyanyua kichwa. Akamtazama mtu aliyemlea kwa maziwa ya bomba la sindano tangu akiwa na ukubwa wa kiatu cha mtoto. Akapiga mwayo, akarudi kwenye kichwa cha changu.

"Ndiye huyu?" akauliza mama.

"Ndiye, mama."

"Mbona kama hakujui?"

Kisha zikaja hesabu. Vibua wawili kwa siku, kwa siku nne. Kipande cha pweza, kwa sababu Jumapili mgeni alionekana mnyonge. Mafuta hakuyahesabu, alisema, kwa kuwa yeye si mtu wa roho mbaya. Jumla shilingi 15,000, zikashuka hadi 12,000 kwa heshima ya paka mwenyewe, ambaye muda wote huo hakuiba hata dagaa. Mwandishi alilipa mbele ya umati, akainama kumchukua mnyama wake, naye Kibua akamwandikia risiti kwenye mkono wa kushoto: mistari minne, iliyonyooka, ambayo hadi sasa inawasha kila akioga.

Yote hayo ni kwa sababu ya harusi ya Dar es Salaam. Mtwara hadi Dar ni kilomita zipatazo 560, basi linaondoka alfajiri na kumshusha mtu Mbagala jioni akiwa na mgongo wa kuazima, kwa hiyo hakuna harusi ya siku moja. Ijumaa kwenda, Jumanne kurudi. Na mwandishi anaishi ghorofa ya tatu na paka wawili ambao hadi safari hiyo hawakuwa wamewahi kukanyaga udongo: Kibua huyo, na Korosho, jike mweusi tii ambaye akifumba macho gizani mtu humkalia.

Kumpata mtu wa kukuangalizia paka Mtwara ni kazi inayoanza kwa kueleza kwamba hutanii. Watu wanaelewa mlinzi wa nyumba. Wanaelewa mtu wa kukamulia ng'ombe, hata wa kufungulia kuku asubuhi. Paka, kwa ufahamu wa mji mzima, ni kiumbe anayejiangalia, tena huangalia na wengine. Jirani wa mlango wa pili alikubali vizuri, akaingia kupokea maelekezo, akamwona Korosho juu ya kabati, akakumbuka kwamba na yeye ana safari. Mtoto wa shangazi alitaka kujua kwanza kama intaneti ya nyumbani imelipiwa. Dereva mmoja wa bajaji, alipoambiwa malipo ni shilingi 5,000 kwa siku, alicheka mpaka akazima injini. "Anko, nipe mimi hiyo elfu tano. Paka nitaongea naye."

Ndipo alipopatikana kijana wa madrasa. Kwa uaminifu hakuwa na mshindani: aliwahi kumkimbiza mwandishi mtaa mzima ili kumrudishia shilingi 200 alizosahau dukani. Akakabidhiwa funguo, kopo la chakula, pesa ya dagaa na karatasi mbili za maelekezo zilizoandikwa mbele na nyuma. Alizisoma zote kwa utulivu wa mtu anayesoma mkataba wa ndoa.

Jumanne jioni mwandishi alikuta sakafu imepigwa deki, bakuli la maji limejaa, beseni la choo limebadilishwa mchanga na chenji ya dagaa, shilingi 1,500, imepangwa mezani. Korosho alikuwa juu ya kabati. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa Kibua.

"Shikamoo anko. Nilimfungulia mlango."

"Ulimfungulia?"

"Ijumaa baada ya Isha. Alikuwa analia mlangoni, anko. Nikakumbuka yule mwanamke."

Mwanamke gani, msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa. Hadithi yake imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim: alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini, paka akafa, naye akaingia motoni. Mwandishi alijaribu kujitetea kifiqhi, saa mbili usiku, kwenye ngazi, begi bado mkononi. Kosa la yule mwanamke lilikuwa njaa, alisema, na wewe ulikuwa unalisha! Abu Huraira mwenyewe, swahaba aliyepewa lakabu ya baba wa kijipaka, si alifuga? Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akajibu kwamba kulisha kweli alikuwa analisha, ila siku ya hesabu ataulizwa yeye aliyeshika funguo na si anko aliyekuwa harusini. Hilo halina jibu. Mwandishi amelitafuta kwa wiki nzima na bado hajalipata. Alikuwa amemtafuta mtu mwaminifu kuliko wote mtaani, akampata, na uaminifu wenyewe ukamfungua Kibua.

Hapo inafaa kuuliza kwa nini paka hawakupelekwa tu kwa ndugu, kama mbwa au mtoto. Jibu ni kwamba kwa paka, nyumbani ni harufu kabla ya kuwa watu. Ana tezi mashavuni, kwenye paji la uso na kati ya vidole, na kila anapojisugua kwenye mguu wa kiti anaandika upya hati ya umiliki. Juu ya kaakaa lake, nyuma tu ya meno ya mbele, kuna vitundu viwili vinavyoelekea kwenye kiungo cha pili cha kunusia. Ukimwona ameganda mdomo wazi, kama mtu aliyesikia bei ya sukari, ujue anasoma. Mpeleke nyumba ngeni na umempeleka nchi isiyo na maandishi hata mstari mmoja. Atajificha nyuma ya friji, atagoma kula, na paka akigoma kula siku kadhaa, hasa mnene, mafuta ya mwili humiminikia kwenye ini na kulizidi nguvu, ikawa ugonjwa wa kuua. Ndiyo maana mtu hufuata paka, paka hafuati mtu.

Na lile la kuitwa asije? Mwaka 2013 watafiti wawili wa Japani, Atsuko Saito na Kazutaka Shinozuka, waliwasikilizisha paka 20 sauti zilizorekodiwa, za wageni na za wenye paka, zote zikiita jina la paka husika. Paka waliitambua sauti ya mwenye nyumba: waligeuza masikio, wakageuza vichwa. Kwenda sauti inakotoka hawakwenda. Mwaka 2019 Saito na wenzake wakaonyesha kwamba paka hulitofautisha jina lake na maneno mengine ya kawaida. Kwa hiyo pale Feri hakukuwa na suala la kutosikia. Kibua alisikia, akamjua anayeita, akajua anaitwa yeye, kisha akapima kati ya mwandishi na kichwa cha changu.

Kidonda kingine ni cha lishe. Chakula cha kopo cha Kibua huagizwa Dar na kuja kama kifurushi cha basi, kwa nauli ambayo mwandishi haitaji mbele ya ndugu. Anakinunua kwa sababu ya taurini, kitu ambacho mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha. Akikikosa, macho hufa polepole na moyo hulegea. Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa California ndio waliougundua uhusiano huo wa moyo, kwa paka waliokuwa wakila vyakula vya kiwandani vya heshima kabisa. Ugali na mchuzi haviwezi kuziba pengo hilo. Lakini ukiuliza taurini tele hupatikana wapi, utaambiwa: kwenye samaki, kome, na pweza. Zaidi ya hapo, baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, nacho huuawa na moto. Mama wa Feri, bila karatasi mbili za maelekezo, alikuwa akimpa Kibua vibua wa kukaanga na pweza wa kuchemsha. Paka alirudi na manyoya yanayong'aa kama kiatu cha afisa.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Katika nyumba aliyokulia mwandishi, kule mtaa wa Majengo, vyumba sita na ukumbi katikati na uwani nyuma, paka alikuwepo siku zote na hakuna aliyejua ni wa nani. Waliokuwa wanasafiri walisafiri. Vichwa vya dagaa vilitupwa uwani na yeyote aliyekuwa anapara, na kama paka hakuonekana siku mbili, bibi wa chumba cha nyuma aliuliza kwa sauti ya kutosha nyumba nzima kujisikia na hatia. Neno mwangalizi halikuhitajika. Ghorofa zilikuja na homa ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay ilijulikana tangu 1982, lakini ni baada ya 2010, habari za visima vya kina kirefu baharini zilipoanza kumiminika, ndipo kila mwenye akiba alipojenga kwa ajili ya wageni wenye kofia ngumu: madirisha ya vioo, grili, mlango mmoja, ufunguo mmoja, uwani hakuna. Desemba 2012 watu waliandamana kulipinga bomba la kuipeleka gesi hiyo Dar. Januari na Mei 2013 nyumba zilichomwa na watu wakafa. Mwaka 2015 bomba lilizinduliwa, kilomita zipatazo 500 hadi Dar. Gesi ikasafiri, wageni wakapungua, kodi zikashuka, na hivyo ndivyo mtu wa Majengo alivyomudu ghorofa ya tatu ambako hajui jina la anayeishi ukuta wa pili, wala huyo hajui lake. Hasira ya hilo haina kaunta ya kuipeleka. Inaishia kumwangukia kijana wa madrasa, ambaye hakufanya lolote ila kufungua mlango.

Waangalizi waliotangulia ni wepesi kusimulia. Mmoja alituma picha za paka kwa WhatsApp kila jioni, na kila jioni saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika saba.

Mwingine, ili kubana matumizi, alijaza beseni la choo maganda ya korosho, ambayo mafuta yake yanababua ngozi kama ajuavyo kila aliyewahi kubangua. Paka walilitazama beseni, wakachagua viatu.

Na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya kusini kule Somanga, mwangalizi wa siku tatu akageuka mwangalizi wa siku tisa, na hadi leo akimwona mwandishi huvuka barabara.

Mwezi ujao kuna arobaini Temeke, yaani safari nyingine ya Dar. Jumamosi mama wa Feri alikubali kuja kuona mazingira, ila kwa sharti kwamba yule mweusi atalishwa mchana tu. Alipanda ngazi akihema, akakataa kiti, akakagua dirisha kwa dirisha. Kibua, ambaye tangu arudishwe alikuwa hamsogelei mtu, alishuka kwenye kochi, akaenda kujisugua kwenye khanga yake mara tatu, kulia, kushoto, kulia. Mama akachukua lile kopo la chakula, akalifungua, akalinusa, akalirudisha mezani taratibu.

"Pole," alisema. "Nani anaumwa?"