Fomu ya Ustawi wa Jamii na Sufuria ya Kasumulu

Kuasili mtoto, yaani kumpokea mtoto aliyezaliwa na wengine akawa wa kaya kwa amri ya mahakama na kwa haki zote za mtoto wa kuzaliwa, ni jambo ambalo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelipangia hatua zake kwa uangalifu mkubwa, ingawa sheria hiyo haikusema lolote kuhusu wali. Katika wilaya nyingi za Tanzania ukimya huo hauna madhara. Katika Kasumulu, mji mdogo wa wilaya ya Kyela uliopo kando ya Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi, ni pengo kubwa, kwa kuwa hapa hakuna mgeni anayeingia uani, awe amekuja kutoa pole, kudai deni au kuchunguza kama wenye nyumba wanafaa kuwa wazazi, akaachwa aondoke bila kula.

Masharti yenyewe yanaeleweka bila taabu. Mwombaji anatakiwa awe ametimiza umri wa miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21, isipokuwa akiwa ndugu wa mtoto huyo, ambaye huruhusiwa kuanzia miaka 18. Maombi, kwa jinsi sheria ilivyotungwa, hupelekwa Mahakama Kuu. Na kabla ya amri kutolewa mtoto hukaa kwanza na waombaji, huku afisa ustawi wa jamii, mtumishi wa serikali anayeshughulikia hali za familia na watoto, akiwatembelea na kuandika ripoti. Ripoti ndiyo yenye mambo. Inataka kujua kaya ina watu wangapi, nani analala wapi, ndugu wa karibu wako wapi na chakula kinapatikanaje, maswali ambayo mzee wa Kinyakyusa akiulizwa yote kwa mkupuo hudhani kwamba ama kuna msiba uliofichwa au kuna posa inayokuja.

Ugumu wa swali la kwanza una historia yake. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, waliuchunguza kwa kirefu utaratibu wa vijiji vya rika, ambao Monica aliueleza katika kitabu chake Good Company kilichotoka mwaka 1951: wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka majumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni na kulala huko na wenzao wa umri mmoja, na kijiji kizima kikakua hivyo hivyo hadi wakaazi wake wakawa watu wazima wenye wake na mashamba. Waliohama, hata hivyo, walihama kwa usingizi tu, kwa maana tumbo lilibaki kwa mama. Tena hawakwenda kula mmoja mmoja, bali kundi zima, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule, na mama aliyefikiwa na kundi hakuwa na fursa ya kuuliza ni nani aliyelialika. Vijiji hivyo vimekwisha zamani na watoto wa leo wanalala kwa wazazi wao ndani ya vyandarua. Lakini mama wa Kyela bado anapika kana kwamba kundi liko njiani, na kundi, kwa kuwa lina adabu, huwa halimwangushi.

Ndiyo maana mke na mume wanaozungumziwa hapa, waliokuwa wamekaa miaka mingi bila mtoto, walipojibu kwamba kaya yao ni ya watu wawili, hawakusema uongo, ila walisema saa nne asubuhi. Ilipofika saa saba afisa aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake akaona watoto wanane wakinawa mikono kwa zamu katika beseni moja. Mume alieleza kwamba hao ni wa majirani. Mke alisema wawili kati yao ni wa shemeji yake. Mama mkwe, aliyekuwa amefika tangu jana yake kutoka Ipinda ili kusimamia mapishi, alisema wote ni wake. Majibu yote matatu yalikuwa sahihi, na afisa, ambaye fomu yake ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kujaza idadi, alifuta, akaandika, akafuta tena, kisha akaomba maji ya kunywa, ombi ambalo kwa desturi za mahali hapo huhesabiwa kuwa dalili ya njaa.

Chakula kilichofuata kilikuwa na siasa zake. Mama mkwe alishikilia kwamba mgeni wa serikali hupewa mbasa, samaki mkubwa wa Ziwa Nyasa mwenye magamba ya fedha, anayepanda mitoni majira ya mvua ili kutaga mayai, kwa sababu marehemu mumewe aliwahi kumpa mbasa bwana shamba fulani na tangu hapo miche ya kakao ikawa inafika mapema. Mke alihofia kwamba samaki wa thamani hiyo angesomeka kama rushwa, akapendekeza usipa, dagaa wadogo wa ziwa hilohilo, ambao hakuna mahakama duniani inayoweza kuwatilia shaka. Wakaafikiana kupika vyote viwili, pamoja na mbalaga, yaani ndizi za kupika zilizoungwa, na sinia la wali. Afisa hakuwa mwenyeji wa Kyela, na Kinyakyusa chake kilikuwa kimeishia kwenye “ndaga fijo”, maana yake asante sana, maneno aliyoyatumia kuonyesha kwamba ameshiba. Kila alipoyatamka, mama mkwe alijibu, “Karibu, mwanangu,” akamwongezea.

Hapo yafaa kusema neno kuhusu mchele wenyewe, kwa sababu hakuna kitu kilichoasiliwa kwa wingi zaidi katika nchi hii. Mchele wa Kyela unanukia, na sifa hiyo imeenea kiasi kwamba masokoni Dar es Salaam magunia yaliyotoka mikoa mingine kabisa yanaitwa ya Kyela bila ripoti ya afisa yeyote, wakati ng'ambo ya Songwe, katika wilaya ya Karonga, wakulima wa Malawi wanalima kwa fahari mpunga uitwao Kilombero, jina la bonde lililoko mkoa wa Morogoro. Mpunga, kwa hakika, haujawahi kuombwa cheti.

Binadamu huombwa. Cheti cha ndoa cha wanandoa hao kilikuwa kimehifadhiwa chini kabisa ya debe la mchele, mahali ambapo mama mkwe alipaona salama kuliko sanduku la mbao linaloliwa na mchwa. Hoja yake kuhusu mchwa ilikuwa ya kweli, ila aliwasahau fukusi. Cheti kilipotolewa kilikuwa na harufu nzuri isiyo ya kawaida kwa nyaraka za serikali, na fukusi walikuwa wametoboa hasa pale palipoandikwa tarehe, jambo ambalo lisingekuwa na uzito kama mke na mume wangekumbuka tarehe moja. Mke aliitaja Jumamosi moja ya mwezi Juni. Mume aliikumbuka ndoa kwa mafuriko, na mafuriko ya Kyela ni ya Aprili. Mama mkwe, alipoombwa aamue, alikumbuka waliokula na idadi ya ng'ombe, lakini mwaka hakuukumbuka.

Lililobaki lilikuwa kukagua chumba cha mtoto. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa, kikawekewa kitanda kipya na chandarua. Bahati mbaya mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, nayo familia hiyo, kama nyingi za Kyela, inalima kakao. Mbegu za kakao mbichi, zikishatolewa ndani ya tunda, hurundikwa na kufunikwa kwa majani ya migomba kwa siku kadhaa ili zichachuke, hatua ambayo bila hiyo hazipati ladha ya chokoleti, na katika kuchachuka huko hutoa joto kali na harufu kama ya siki. Mlango ulipofunguliwa, afisa alikutana na rundo lililofunikwa majani, likifuka mvuke, katikati ya chumba ambacho maelezo ya maandishi yalisema ni tulivu na chenye hewa ya kutosha. Mume alieleza kwamba rundo ni la muda. Mama mkwe, akitaka kusaidia, aliongeza kwamba mtoto hatasikia baridi.

Swali la ndugu wa karibu lilimalizika haraka kuliko ilivyotarajiwa: mama mkwe alinyoosha mkono kuelekea mtoni, kwa kuwa dada zake wameolewa upande wa Wangonde wa Karonga, ambao lugha yao na Kinyakyusa husikilizana bila mkalimani. Afisa aliuliza kama ndugu hao wako nje ya nchi. Alijibiwa kwamba inategemea mvua, jibu ambalo si mzaha, kwani Songwe katika tambarare ile huhama mkondo wake wakati wa mafuriko, na shamba lililolala Tanzania limewahi kuamka likiwa ng'ambo.

Mtoto mwenyewe, msichana wa miaka minne, alipoletwa kwa kipindi cha malezi ya majaribio, aliutazama wali wa Kyela ulioandaliwa kwa heshima yake, akausukuma kando, akaomba ugali na maharage, chakula alichokizoea katika makao ya watoto. Mtu asiye wa huko hawezi kuupima uzito wa tukio hilo. Mama mkwe aliuliza kama mtoto ana homa. Majadiliano yalifanyika jikoni kwa sauti ya chini, na wakati wakubwa wakijadiliana, mtoto alitoka na wale wanane kwenda nyumba ya tatu, ambako siku hiyo palikuwa na maharage, na kesho yake akawaongoza yeye.

Afisa aliporudi kufuatilia, mke alikuwa na hofu ya haki kabisa kwamba ripoti ingesema mtoto hali nyumbani. Jirani wa nyumba ya tatu aliitwa kama shahidi wa malezi, akathibitisha kwamba mtoto anakula vizuri sana, kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba anakula vizuri kwa sababu kwao hali. Afisa aliandika nusu ya kwanza ya ushahidi huo.