Tangi Kubwa, Samaki Wachache, Washauri Wengi

Mwenye tangi dogo lililojaa samaki ana shida moja: uchafu. Mwenye tangi kubwa lenye samaki wachache ana shida nyingine, na hiyo haichujiki: ushauri. Tangi langu lina urefu wa sentimita 150, upana 50 na kimo 55, yaani lita 412 za maji, na wenyeji wake ni samaki kumi na wawili ambao hata dume lao kubwa halifiki urefu wa kidole changu cha shahada. Kila anayeingia sebuleni hulitazama lile bwawa, huwatafuta samaki, hawaoni, halafu huanza kutoa maelekezo.

Tangi lilitoka kwenye mgahawa mmoja wa Dar es Salaam uliokuwa unafungwa. Samaki asili yao ni Ziwa Tanganyika. Kitabuni wanaitwa Neolamprologus multifasciatus, wafugaji huwaita "multi" tu, maana maisha ni mafupi. Hukaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Hutaga humo, hulea humo, na ukiwashtua huingia humo wote kwa mkupuo. Kwa hiyo mgeni anayegonga mlango kwa nguvu huonyeshwa mchanga na makombe. "Walishakufa?" huuliza kwa sauti ya msibani. Wakijitokeza, swali hubadilika: "Wanaliwa?" Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliwakagua kwa muda mrefu, akanihakikishia kwamba kupata kitoweo cha watu wawili kutanilazimu kusubiri mpaka wapate wajukuu.

Sasa, filta. Dukani utaambiwa kanuni moja: filta ipitishe maji yote ya tangi mara nne au tano kwa saa. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, aliipata kanuni hiyo kwa muuzaji, akazidisha 412 kwa 5, akapata 2,060, akaniletea zawadi. Ilikuwa filta ya kopo, ile inayokaa chini kwenye kabati na kutoa mipira miwili, mmoja wa kunyonya maji na mwingine wa kuyarudisha. Zawadi ya shemeji haikataliwi. Tukaiwasha mbele ya familia nzima.

Maji yalitoka kwa hasira. Mchanga ulihama upande wa kulia wote, ukajirundika kushoto, kioo cha chini kikabaki uchi. Makombe yakaanza kubingirika na wenye nyumba wakiwa ndani, vichwa nje, kama makonda wa daladala za Mbagala. Waliokosa pa kuingia walikaza mikia, wakaogelea kwa nguvu zao zote bila kusogea popote.

"Unaona walivyochangamka?" shemeji alisema.

Ile kanuni si ya uongo, ila inawafaa wenye matangi yaliyosheheni. Kazi kubwa ya filta haionekani kwa macho: ni kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu; wa kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao huzaana kwa kadiri ya chakula wanachopata, na chakula chao ni uchafu wa samaki. Samaki wangu kumi na wawili wanachafua kwa adabu sana. Bakteria wanaotosha kuwahudumia huenea kwenye sponji ya kawaida, na wengine wamejikalia mchangani na juu ya makombe. Filta kubwa ingeongeza vyumba tu, wapangaji wasingeongezeka.

Nikahamia kwenye sponji mbili za kuendeshwa na pampu ya hewa. Mapovu yakipanda ndani ya bomba huvuta maji yapite kwenye sponji, basi, hakuna siri nyingine. Fundi umeme aliyekuja kurekebisha soketi aliona pampu imekaa vibaya, akaishusha sakafuni nyuma ya kabati ili waya zisionekane. Usiku umeme ukakatika. Pampu ikiwa chini ya usawa wa maji na ikaacha kusukuma, maji hurudi kwa ule mpira mwembamba, hupenya ndani ya pampu na kumwagika nje. Hayana haraka, lakini pia hayana sababu ya kusimama. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na alikuwa ametandika godoro sebuleni kwa kuwa chumba cha wageni kina joto.

"Mkwe wangu," aliita gizani, kwa utulivu wa kutisha, "nyumba hii mliijenga mtoni?"

Dawa yake ni vali ndogo ya njia moja kwenye mpira, au pampu kuwekwa juu kuliko maji. Mimi nina vyote viwili. Pampu iko juu ya usawa wa maji, waya zinaning'inia, na fundi akipita hutikisa kichwa.

Asubuhi yake mama mkwe aliamua kutusaidia. Alizichomoa sponji zote mbili, akazifua kwa sabuni ya unga na maji ya moto. "Kitu kichafu namna hii kitasafishaje maji?" Hoja hiyo sijaipatia jibu fupi la kumwambia mtu mzima mpaka leo. Lile tope la kahawia ndimo wanamokaa wafanyakazi wenyewe. Sponji hukamuliwa taratibu ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kwani hata klorini ya maji ya bomba huwaua. Nilizitupa zile zenye sabuni kimyakimya, nikaweka mpya, nikapunguza chakula na kuanza kupima amonia kila asubuhi. Nilikuwa na hofu ya kweli: samaki wa Tanganyika hutaka maji ya alkali, pH 8.6 hata 9, na pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi ukali. Kipimo changu cha matone hubaki njano kukiwa salama. Kiligusa ukijani kidogo, kisha kikarudi njano.

Kwenye tangi dogo lililojaa tungezika. Hapa uchafu mdogo ulipotelea kwenye lita 412, na wale bakteria wengine waliendelea na kazi, maana mama mkwe hakuufikia mchanga.

Basi wewe mwenye maji mengi na samaki wachache, sponji mbili zinakutosha, na usizikamue zote siku moja. Badilisha sehemu ya maji mara kwa mara, kwa kuwa nitrati haiondolewi na sponji wala na kopo la bei mbaya. Umeme ukikatika, sponji iko wazi ndani ya tangi. Kopo limefungwa, bakteria wake hukosa hewa, na umeme ukirudi hutapika uvundo wote kwa samaki.

Filta ya shemeji ipo stoo, nzima kabisa, imetumika mara moja. Inauzwa, bei maelewano. Shemeji asijue.