Waya ya Jina

Jana asubuhi kijiwe chetu cha Birere, hapa Goma, karibu na Petite Barrière, kilinuka plastiki iliyoungua. Motari alikuja na ralonji nyeusi, imejikunja kama nyoka aliyekufa njiani.

MOTARI: Mama watoto ameweka resho ya umeme, apike maharage. Robo saa tu, ukuta unatoa moshi!

KADAFI: Ukuta wa mbao, ralonji ya dola tatu. Ulitaka utoe nini, marashi?

MOTARI: Lakini imeandikwa 2.5! Soma mwenyewe.

FUNDI UMEME: Na miye nikiandika “Gavana” kwenye kofia, utanipigia saluti? (Anakwangua kwa wembe.) Juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Hii ni aluminiamu iliyopakwa shaba, tena nyembamba kama nywele za mtoto. 2.5 ni milimita za mraba za shaba, ndugu yangu, si jina la ubatizo. Resho ya wati 2,000 inavuta amperi 9. Umetwisha kuku mzigo wa chukudu.

PAPA CHUKUDU: Chukudu iacheni. Ni mbao na magurudumu tu, hakuna ofisi iliyowahi kuipima, na inateremsha viazi kutoka Kibumba kila siku.

FUNDI UMEME: Kwa sababu aliyeichonga unajua mlango wake, Papa. Ikikuvunjikia mteremkoni unamrudia na nyundo mkononi. Aliyetengeneza waya hii utamgongea wapi?

Papa Chukudu alikohoa, akatazama gurudumu lake.

MWALIMU: Ndiyo kazi waliyopewa OCC, ofisi ya serikali, tangu 1974, kupima bidhaa kwa niaba ya sisi tusiojua mlango. Mnajua kipimo kikikosekana huwaje? Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliwaka. Wazimamoto wakaja kwa treni kutoka Washington, Philadelphia, hadi New York. Kufika, mipira yao ya maji haiingii kwenye mabomba ya Baltimore. Kila mji na skrubu zake! Majengo zaidi ya 1,500 yakateketea.

PAPA CHUKUDU: Kumbe hata wazungu walikuwa na Birere yao.

MAMA BUNGA: Motari, sema kweli. Ralonji yako ilipita kwa OCC?

MOTARI: Ilipita usiku, Mama. Kichwani mwa mtu.

Tulicheka, ila nani kati yetu angetoa dola nane kwa waya halali wakati ya tatu iko pembeni? Hata mimi mwandishi nina moja nyumbani, nyuma ya kabati.

MAMA BUNGA: Na wewe Kadafi unayecheka sana, chupa yako ya petroli ni lita ya nchi gani?

KADAFI: Mama, kopo lako la kupimia bunga, mbona tako limeingia tumboni?

MAMA BUNGA: Lilipigwa na jiwe la lava.

KADAFI: Makopo yote ya soko yamepigwa na jiwe hilohilo, mahali palepale! Volkano Nyiragongo analenga kweli.

Mama Bunga alifunika kopo kwa kitenge. Fundi akadandia pikipiki ya Motari, wakaenda kuangalia ukuta kabla ya maharage ya mchana.

Na wewe unayesoma huku resho inachemsha, shika ralonji yako sasa hivi. Ikiwa na joto, zima resho, uichomoe.