Jinsi ya Kumfikisha Mgeni Mlangoni

Mgeni akishuka sokoni Kalamba, huku Makueni, akauliza boma la fulani, hakuna mzee atakayemjibu "ni huku Ukambani" kisha aende zake. Ataonyeshwa mwembe, ataonyeshwa geti, pengine apewe mtoto wa kumsindikiza. Wewe unayeandika maelezo ya programu, mbona unamtupa msomaji juu ya ukurasa wa maneno elfu kumi na kumwambia jibu limo humo? Mwige mzee.

Anza kwa kutoa vitambulisho. Kila kichwa kidogo kipewe chake (id) kwenye HTML, kisifanane na kingine, kama kile ulichopangia foleni ulipotimiza miaka 18. Vichwa vitatu vikiitwa "mfano", kivinjari huenda kwa cha kwanza tu. Mitambo mingine huongeza namba yenyewe: mfano-1, mfano-2. Haya, ingiza mfano mpya katikati. Namba zinahama, na kiungo cha jana kinabisha hodi kwa jirani. Vipe majina mwenyewe: kulipa-kwa-simu, kurudisha-pesa.

Sasa shika hili vizuri. Kinachofuata alama ya reli (#) kwenye anwani, yaani jina hilo la sehemu, hakifiki kwa seva. Kivinjari hukimaliza chenyewe. Kijana anayejifunza kuandika programu kwa simu, bando likiwa la kuhesabu, akishapakua ukurasa ataruka toka sehemu hadi sehemu humo humo bila kukatwa hata senti. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, ukifuta jina la sehemu, seva haina habari. Hakuna 404, hakuna rekodi ya kosa. Msomaji anaachwa juu ya ukurasa, kimya, akidhani yeye ndiye asiyeelewa. Hilo linaniuma kuliko kosa lolote la maandishi. Ukibadilisha kichwa, jina la zamani usilizike. Liweke hai kando ya jipya, viungo vya miaka iliyopita vipate pa kutua.

Utepe ulioganda juu ya skrini ni kofia iliyovutwa hadi puani: kichwa kinachotafutwa kimejificha chini yake. Agiza kwa CSS iachwe nafasi sawa na kimo cha utepe. Na alama ya kunakili kiungo kando ya kichwa ionekane wakati wote, maana simu haina kipanya cha kupitisha juu yake.

Kabla ya kuchapisha, mtumie jirani kiungo kimoja kwa WhatsApp, umwombe akusomee maneno ya kwanza anayoyaona. Akikusomea jina la tovuti, rudi kwenye vitambulisho.