Uainishaji wa Vibanda vya Kariakoo, Pamoja na Sheria ya Korido

Elimu ya vibanda ni elimu changa. Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha usanifu majengo na mipango miji, lakini Kitivo cha Vibanda, Mabanda na Stoo za Uani hakijafunguliwa. Hadi kitakapofunguliwa, kazi hii tutaifanya wenyewe, kwa miguu, kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Mchikichini, huku wasukuma mikokoteni wakitupigia kelele tupishe njia.

Carolus Linnaeus, Mswidi aliyeyapanga maumbile yote katika madaraja mwaka 1735, alilazimika kuhesabu stameni za maua. Mtafiti wa Kariakoo ana nafuu, kwani swali lake ni moja tu: kibanda hiki kilinunuliwa kikiwa kibanda, au kilinunuliwa kikiwa mbao? Kilichonunuliwa kikiwa kibanda tunakiita Kizaliwa. Kilichonunuliwa kikiwa mbao, na fundi akaitwa, tunakiita Kishonwa, kwa sababu tabia yake ni ya gauni la fundi cherehani: linakukaa vizuri sana, ila sikukuu imeshapita.

Babu wa Vizaliwa ni kontena. Aprili 1956 meli ya Malcom McLean iliondoka Newark, Marekani, ikiwa na makontena 58, na tangu hapo ukoo huo umezunguka dunia nzima na baadhi ya wazee wake wamestaafia Dar es Salaam wakiwa maduka ya vinywaji. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 na ushee, upana wa mita 2.4, na likiwa tupu lina uzito wa zaidi ya tani 2. Halivunjwi na mwizi wala haliliwi na mchwa. Ila saa saba mchana ndani yake panaiva chochote, muuzaji akiwamo, na likishatua halihami bila winchi.

Mjukuu wake ndiye anayeonekana zaidi mjini. Ni kile kibanda cha chuma kinachochomelewa pembeni mwa barabara, kikapakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kikaachwa hapohapo kisubiri mchumba. Tukisogelee kimoja. Fremu ni ya anglaini, kuta ni bati. Dirisha linafunguka kwenda juu na kushikiliwa na nondo moja fupi ambayo, kwa uzoefu wa wote waliowahi kununua soda, siku moja itamwangukia mteja. Sakafu hakuna. Muuzaji anasema sakafu ni ya kwako, na kwa kweli sakafu ni dunia. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zianze nchini mwaka 2008, vibanda hivi vimezaana kuliko kiumbe kingine chochote cha mjini, vikibadili rangi kwa kufuata kampuni ya simu.

(Kuna Kizaliwa cha tatu, hema la kukunja. Mvua ya masika imeshatoa hukumu yake, hatuna la kuongeza.)

Vishonwa ni somo refu, kwa kuwa ndani ya kila Kishonwa kuna binadamu. Fundi akifika huangalia juu, akaguna, akauliza nani alijenga ukuta ule. Kisha huandika mahitaji kwenye kipande cha boksi: mbao za mbili kwa mbili, za mbili kwa nne, misumari ya inchi tatu, ya inchi nne, ya bati. Hapo ndipo tulipogundua Kanuni ya Misumari: haitoshi kamwe, na hugundulika kwamba haitoshi saa kumi na moja jioni, duka likifungwa. Mbao zenyewe ni paini, nyingi kutoka misitu ya Mufindi, laini kwa msumeno na tamu kwa mchwa. Asiyezipaka dawa kabla hazijasimama anajenga chakula.

Bado kuna suala la geji, ambalo limewatia hasara watu wenye shahada. Mnunuzi anaambiwa kuna bati la geji 28, 30 na 32. Kwa kuwa ameshasoma hesabu, anachagua 32 kwa fahari. Lakini geji huhesabiwa kinyumenyume: namba ikipanda, bati linapungua unene. Hiyo 32 ndiyo nyepesi kuliko zote, na upepo wa bahari ukiikuta haijabanwa vizuri utaifikisha kwa jirani.

Kishonwa kikubwa kuliko vyote mtaani ni Soko la Kariakoo lenyewe, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na paa lake la maganda ya zege ambalo halikununuliwa dukani. Liliungua Julai 2021, likakarabatiwa. Kizaliwa kikiungua huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Sasa swali la msomaji: achukue kipi? Hapa wataalamu wote (yaani mimi na fundi mmoja wa Gerezani) tunakubaliana kwamba swali limekosewa. Watu hudhani wanachagua. Hawachagui. Nyumba ya Kiswahili, ile iliyoijaza Kariakoo kabla ya maghorofa na ambayo bado ipo Ilala, Magomeni na Buguruni, ina ramani moja: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye jiko, choo na stoo. Njia ya kwenda uani ni korido. Ndani ya korido kuna pikipiki ya mpangaji, ndoo za maji, na jiko la mkaa la mama wa chumba cha pili. Mlango wa mbele hauzidi futi tatu, na Kizaliwa chembamba kuliko vyote tulichokipima kina futi nne.

Tulishuhudia jaribio Ilala. Vijana wanne walikishusha kibanda kutoka kwenye kirikuu, wakakifikisha barazani, wakakilaza, wakakisimamisha, wakakigeuza ubavu. Kiongozi wao akamwambia mwenye nyumba, "Shikamoo mama. Tunaomba tubomoe kidogo tu hapa pembeni mwa mlango." Mama akaitikia marahaba, akajifunga kanga vizuri, akajibu: "Mwanangu, bomoa kwanza hilo banda lako, ndiyo uje unibomolee nyumba."

Hiyo ndiyo Sheria ya Korido: Kizaliwa hubaki mbele ya nyumba, Kishonwa huota nyuma. Mengine yote yanafuata. Kilichobaki mbele kipo kwenye hifadhi ya barabara, na adui yake ni mgambo, kama walivyojifunza machinga wa Kariakoo Oktoba 2021 walipoondolewa barabarani na kuelekezwa kwenye masoko mengine. Waliokuwa na cha kubebeka walibeba. Waliochimbia nguzo waliokota mbao. Cha nyuma hakimjui mgambo. Adui yake ni wapangaji, kwani hakuna Kishonwa ambacho hakijasimamishwa mahali palipokuwa na kamba ya kuanikia nguo.

Lipo daraja la tatu, adimu, ambalo mtafiti analipenda waziwazi na haoni haya: Chotara. Huyu huagizwa kwa mchomeleaji akiwa vipandevipande, kuta nne na paa, anapitishwa kwenye korido kipande kimoja kimoja mbele ya jiko la mkaa, kisha anafungwa kwa nati na bolti uani. Wazo si geni. Mwaka 1916 Peter Nissen wa jeshi la Uingereza alibuni banda la bati ambalo vipande vyake vilienea kwenye gari moja la jeshi na watu sita wakalisimamisha kwa muda wa saa nne. Septemba mwaka huohuo Waingereza waliingia Dar es Salaam, na kambi ya wapagazi wao wa Carrier Corps ndiyo iliyoiachia Kariakoo jina. Mtaa uliopewa jina na wabeba mizigo haukupaswa kushindwa na banda la kubebeka.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Mwenye uani aagize Chotara, bati liwe la geji 28, bolti zipakwe grisi kwa sababu ya chumvi ya bahari, na mwenye nyumba aambiwe kabla, si baada. Asiye na uani anunue Kizaliwa kinachobebwa na vijana wanne, asichimbie chochote ardhini, na namba ya mwenye kirikuu aiweke juu kabisa kwenye simu. Makontena tuwaachie wenye viwanja vyao Kigamboni.