Kweli Kushoto, Hadithi Kulia

Mhasibu hawezi kusoma kitabu bila kukifungulia hesabu. Huyu wa Tabata, ambaye masika yalipochachamaa aliamua kujisomea mwezi mzima, alianza kwa kupiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari: kushoto vitabu vya kweli, kulia vya kubuni. Nia ilikuwa mwezi ukiisha safu zilingane. Mtu anayesawazisha fedha za wenzake kila siku hakuona kwa nini vitabu vimshinde.

Waliotangulia kumshinda ni majirani. Kusoma mtaani kwetu ni kazi ya wanafunzi. Mtu mzima akionekana na kitabu, lipo jambo. Alipokaa barazani na *Kuli* ya Adam Shafi, aliulizwa anafanya mtihani gani. Alipokaa na *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu*, kumbukumbu za Rais Ali Hassan Mwinyi zilizozinduliwa 2021, mwenyekiti wa mtaa alimwamkia kwa adabu isiyo ya kawaida, akazungukazunguka, kisha akataka kujua anagombea nini. Mhasibu akakanusha. Hapo ndipo mwenyekiti alipopata uhakika.

*Dar es Salaam Usiku* ya Ben Mtobwa haikufika hata barazani. Mkewe alilisoma jina kwenye jalada akauliza kama hiyo ni riwaya au ratiba.

Basi akahamishia usomaji kwenye daladala, akidhani katikati ya watu wasiomjua atakuwa peke yake. Alikuwa na *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994. Ida Hadjivayanis akaileta katika Kiswahili 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Nobeli. Walipofika Buguruni abiria wa pembeni alikuwa ameshaingia kitabuni. “Subiri kidogo anko, sijafika chini.” Akasubiri. Aliyesimama juu yao, mkono kwenye bomba, yeye alikuwa anasoma haraka na kuguna kila ukurasa ulipocheleweshwa. Ikabidi mwenye kitabu afunue kwa maafikiano ya kamati.

Kamati ilipofika pale kijana Yusuf anapotambua kwamba yule anayemwita mjomba si mjomba wake, na kwamba yeye mwenyewe ni rehani ya deni la baba yake, abiria wa pembeni alipandisha hasira kweli. Akasema mambo hayo anayajua, babu yake mzaa mama yalimkuta hivyohivyo, na akina mjomba wa namna hiyo wapo mpaka leo, wanaitwa kausha damu. Mhasibu alishtukia yuko Segerea. Kituo chake kilipita zamani, na kitabu cha safu ya kulia kilikuwa kimepata shahidi wa damu.

Safu ya kushoto nayo ikapata mapingamizi, tena kutoka kwenye kijiwe cha kahawa, mahakama isiyo na rufaa. Aliwasimulia wazee jinsi Mwinyi alivyojiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, baada ya mahabusu kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ingawa yeye hakumgusa mtu. Wazee wakatazamana.

“Waziri?”

“Waziri, mzee wangu.”

“Akaandika barua mwenyewe? Hakufukuzwa?”

“Aliandika mwenyewe.”

“Mwanangu,” akasema mwenye kijiwe huku akisuuza vikombe, “hicho warudishie dukani. Wamekuuzia hadithi.”

Hadithi yenyewe alikuwa nayo mkobani, na iliandikwa na mtu aliyeishi kweli. Maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, ni kitabu kinachomfaa mhasibu kuliko wote: pembe, bidhaa za mkopo, wadai, tena pembe. Waliochukuliwa utumwani hawapewi mistari mingi humo, na msomaji aliyetoka kumwacha Yusuf kwenye daladala hukosa raha anapopita kurasa hizo. Ila kuna kisa kimoja kilichomfanya mhasibu aweke kalamu chini. Huko Utetera, katika Kongo ya leo, Tippu Tip anasikia kwamba mtawala mzee Kasongo Rushie ana ndugu wa kike aliyetekwa zamani asionekane tena. Anajitangaza kuwa mjukuu wa dada huyo. Mzee anaamini, anafurahi, anamkabidhi nchi. Kitabu cha kweli, mwandishi anaeleza bila aibu alivyotunga uongo, na uongo ukazaa utawala wa kweli. Hiyo unaiandika safu gani?

*Kuli* nayo ni riwaya, lakini mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948 ulitokea. Daftari likaanza kujaa mishale.

Kufidia muda uliopotea, mhasibu akachagua *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, kwa sababu moja tu: ni nyembamba. Ashukuriwe Mungu aliyeumba udanganyifu wa aina hiyo. Kitabu kile hakisomwi, kinakusoma. Kila alipofika mwisho wa ukurasa alirudi juu kuangalia kama ameruka kitu; umeme ukakatika, akaendelea kwa tochi ya simu; chaji ikaisha, akabaki gizani akigundua kwamba uelewa wake haujapungua hata kidogo. Kinene cha Rais kilikwisha kabla ya chembamba cha Kezilahabi.

Akajipoza na upelelezi: *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, nakala ya mtumba iliyonunuliwa kando ya njia Posta. Bwana Msa akavuta kiko chake, akahoji, akanyamaza, akaanza kukunjua fumbo, na kurasa za mwisho hazikuwepo. Zilichanwa vizuri, kwa mpangilio. Mhasibu aliwatuhumu wauza karanga wote wa jiji.

Akarudi kijiweni kuomba msaada. Mzee mmoja alimtaja muuaji papo hapo. Wa pili akamtaja mwingine, akala yamini. Wa tatu akasema wote wawili wamezeeka vibaya, yeye Bwana Msa anamfahamu, akija Unguja Ukuu alikuwa akifikia kwa shemeji yake. Hakuna aliyecheka. Waingereza nao wasitucheke: kwa miaka mingi taasisi ya fedha iliyokuwa na jengo Baker Street, London, iliweka mtu wa kujibu barua alizoandikiwa Sherlock Holmes.

Nakala kamili imeagizwa Unguja kwa mtu wa boti. Dau la wazee juu ya muuaji ni kreti ya soda, na anayelishika ni mwenyekiti wa mtaa, ambaye soda hizo anaziita takrima.